Wembe wa Kukunja: Chombo, Ufundi na Msamiati Wake

Makala haya yanakusudia kueleza historia ya wembe wa kukunja katika mwambao wa kusini wa Ziwa Viktoria, pamoja na msamiati wa mafundi wanaoufufua wembe wa namna hiyo unapoharibika. Chanzo chake ni rasimu ya istilahi za vifaa vya kinyozi ambayo mwandishi aliiandaa ofisini kwa msaada wa vitabu vya kigeni. Rasimu hiyo aliichukua hadi Butimba, mjini Mwanza, pamoja na wembe wa marehemu babu yake uliokuwa umeharibika, ili fundi autengeneze wembe na kuyapima maneno kwa wakati mmoja. Wembe ulipona. Rasimu ilirudi ikiwa imefutwa karibu nusu yake.

1. Asili ya neno

Neno wembe, ambalo wingi wake ni nyembe, halikuletwa na wageni. Mzizi wake ni ule ule tunaouona katika jembe, na katika chembe kwa maana ya kichwa cha mshale. Kisukuma nacho husema igembe kwa maana ya jembe. Maneno haya yote yanahusu chuma kilichopigwa kikawa bapa na kutiwa makali. Viambishi vya ngeli ndivyo vinavyotenga kikubwa na chembamba, cha shamba na cha kichwani.

Si ajabu kwamba mzizi huo una nguvu katika nchi za ziwa. Huko Katuruka, mkoani Kagera, uchimbuaji wa wataalamu wa mambo ya kale ulifunua matanuri ya kuyeyushia chuma, na mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery walieleza katika jarida la Science kwamba Wahaya na wahenga wao walikuwa wakitoa pua, yaani chuma kigumu chenye kaboni, tangu miaka zaidi ya 1,500 iliyopita. Kusini ya ziwa, Warongo walisifika kwa uhunzi, na majembe yao yalitumika hata katika mahari. Kwa hiyo wembe wa kigeni ulipowasili, ulikuta neno lipo, na wahunzi wanaolielewa wapo.

2. Kuja kwa wembe wa kukunja

Nyembe za kukunja zilizoenea duniani katika karne ya 19 zilitoka hasa katika miji miwili: Sheffield ya Uingereza na Solingen ya Ujerumani. Reli iliyotoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, na kutoka hapo bidhaa zilivuka ziwa kwa meli. Wajerumani waliitawala Mwanza mpaka Julai 1916, Waingereza walipoitwaa. Na mwaka 1928 reli kutoka Tabora nayo ikafika mjini. Wembe uliopelekwa Butimba ulikuwa na chapa ya Solingen kwenye msuka wake. Babu aliununua kwa kinyozi mwenziwe, akaufanyia kazi chini ya mwembe kwa miaka mingi.

Wakati huo huo chombo kingine kilikuwa kikija. Mwaka 1904 King Camp Gillette wa Marekani alipata hataza ya wembe wa kutupwa, wenye makali pande mbili, unaotiwa katika kishikio. Wembe huo mwembamba ulipoenea kwetu, ulilichukua neno lote. Leo mtoto akitumwa dukani kununua wembe, huleta ule wa kwenye karatasi. Wembe wa zamani ukalazimika kuongezewa maelezo ili utambulike: wembe wa kinyozi, au wembe wa kukunja. Hivyo mkubwa alinyang'anywa jina na mdogo wake.

Pigo la pili lilikuwa zito zaidi. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera, ng'ambo ya ziwa hili hili. Wananchi walihimizwa wasishirikiane nyembe, na wembe mmoja uliopita katika vichwa vingi haukuwa tena na nafasi. Babu aliufunga wake katika kitambaa, akauweka ndani ya kopo, wala hakuutoa tena. Aliyeufufua leo na autumie yeye peke yake. Huo ni wosia ambao makala haya hayawezi kuuacha nyuma.

3. Katika karakana ya Butimba

Fundi wetu ni mzee wa makamo ya miaka 70, seremala aliyejifunza kazi yake Tanga. Alipoukunjua wembe alikuta mambo matatu. Kwanza, mpini wake wa seluloidi ulikuwa umepasuka na kuoza. Seluloidi inapozeeka hutoa mvuke wenye asidi, na mvuke huo hula chuma kilichofungiwa ndani yake. Ndiyo maana kutu ilikuwa nyingi zaidi mahali wembe ulipolala. Pili, makali yalikuwa yamemeguka pembe. Tatu, ncha ilikuwa na rangi ya buluu, kwa sababu mtu fulani alikwisha kuijaribu katika jiwe la mashine.

"Hapa matiko yametoka," alisema.

Katika rasimu yangu nilikuwa nimeandika "upotevu wa ugumu wa chuma kutokana na joto". Nilipomsomea, alicheka kwa upole. "Mwanangu, ukisema maneno yote hayo, chuma kitakuwa kimekwisha kupoa."

Matiko ni neno la wahunzi: chuma chekundu kikichovywa majini kikakaza, kimetiwa matiko. Pua ya wembe ikipata joto la kupita nyuzi 200 za sentigredi hivi, huanza kulegea. Rangi ya buluu huonekana karibu na nyuzi 300. Makali ni membamba mno, hupata joto hilo kwa nukta chache tu za kusuguliwa na mashine. Dawa ilikuwa moja: kuiondoa sehemu iliyolegea kwa mkono, polepole, huku maji yakitiwa, hadi kufikia chuma kilicho hai.

Kazi ilikwenda hivi. Fundi alikata vichwa vya ribiti kwa tupa, akazisukuma nje, akautenga msuka na mpini. Kutu aliilainisha kwa mafuta ya taa, kisha akaisugua kwa msasa laini. Neno hili lina historia ya kutufunza: msasa ni mti ambao majani yake yanakwaruza, na mafundi waliyatumia kulainishia mbao. Karatasi ya dukani ilipokuja, ilirithi jina la jani. Hakuna kamati iliyoketi, na hakuna aliyepotea.

Kisha wembe ulilazwa juu ya kinoo, mgongo na makali vyote vikigusa jiwe. Unene wa mgongo ndio unaoipa makali pembe yake. Anayeinua mgongo huiharibu pembe hiyo. Juu ya kinoo wembe hutangulia kwa makali. Juu ya mkanda wa ngozi hutangulia kwa mgongo, la sivyo ngozi hukatwa.

Mpini mpya ulichongwa kwa mpingo: vipande viwili vya unene wa milimita 3 hivi, vilivyopakwa mafuta. Mwisho wa mpini fundi alitia kabari ndogo ya risasi kati ya vipande hivyo. Kabari hiyo huvifanya vipinde kidogo sana, ili wembe unapolala katikati usiguse mti. Ribiti za shaba ya manjano zikagongwa kwa nyundo nyepesi, hata wembe ukafunguka kwa uzito wa kidole, pasipo kuyumba.

4. Suala la ala na mpini

Neno lililotugharimu mjadala mrefu kuliko yote ni jina la vipande hivyo viwili. Katika rasimu niliviita ala, kwa hoja kwamba vinayafunika makali. Fundi alikataa. "Ala ni ya kisu na upanga. Kisu kikitoka, ala inabaki kiunoni. Huu unatoka lakini hauachani na nyumba yake."

Nilipendekeza mpini. Hilo nalo alilikubali nusu: mpini ni kile ambacho mkono unashika, nacho ni chombo kizima. Vipande vyenyewe, vikiwa mezani, yeye huviita vibao. Aliyetumia vitu hivyo kwa mikono amekwisha kutenga dhana mbili ambazo mimi nilizichanganya. Kwa hiyo istilahi zinazopendekezwa ni hizi:

Msuka: sehemu ya chuma inayoingia katika mpini na kushikwa na ribiti.
Mgongo: upande mnene wa wembe, ulio mkabala na makali.
Bapa: ubavu wa wembe, kati ya mgongo na makali.
Mpini: kishikio kizima cha wembe wa kukunja.
Vibao vya mpini: vipande viwili vinavyoufanya mpini.
Kabari: kipande kinachotenganisha vibao mwishoni mwa mpini.
Matiko: ugumu ambao chuma hupewa kwa kupashwa moto na kuchovywa.

5. Hitimisho

Msomaji ataona kwamba katika orodha hii hakuna neno hata moja lililoundwa upya. Yote yalikuwapo, mengine yamo katika kamusi zetu tangu ile ya Frederick Johnson ya mwaka 1939. Kilichokosekana ni mwandishi wa istilahi kuinuka mezani. Maneno kama matiko na msuka hayana nguvu ya kujitetea: wahunzi wakipungua, nayo hupungua, na nafasi yao hushikwa na tafsiri ndefu zisizotamkika. Fundi wa Butimba hana mwanafunzi kwa sasa. Inapendekezwa, basi, kwamba kila rasimu ya istilahi za ufundi ipelekwe karakana kabla ya kupelekwa kamatini, na kwamba jambo hilo lifanywe mapema, maadamu wenye maneno bado wapo.