Stelingi Hafi, Lakini Mtafsiri Je?

Kabla ya Juni 1, 2019, ukienda gengeni mikono mitupu swali lilikuwa moja tu: rambo shilingi ngapi? Hakuna aliyeshangaa. Mfuko wa plastiki Bongo ulikuwa unaitwa rambo, jina la yule komandoo wa kwenye muvi mwenye kitambaa kichwani. Siku hiyo katazo la mifuko ya plastiki likaanza kazi, mifuko ikatoweka sokoni. Jina halikutoweka, mpaka leo kuna watu linawatoka bila kufikiria.

Sasa hebu jiulize, mama muuza nyanya ambaye hajawahi kukanyaga jumba la sinema maishani mwake, huyo Rambo alimjulia wapi?

Wadau wa miaka ya 2000 mnaweza msiamini, lakini Tanzania Bara ilikaa miaka zaidi ya thelathini ya uhuru bila kituo cha televisheni. Kenya walianza 1962, Uganda 1963. Zanzibar walikuwa na yao tangu 1973, tena ya rangi, wakati nchi nyingi za Afrika zilikuwa bado zinatazama nyeusi na nyeupe. Bara ilisubiri mpaka 1994. Serikali ya Mwalimu iliona televisheni ni anasa, nchi maskini ina mambo ya maana zaidi ya kufanya, na redio inatosha. Unaweza kubishana nalo hilo au kukubali, ila matokeo yake yalikuwa ya ajabu kidogo. Mwaka 1984 wenye fedha zao za kigeni waliruhusiwa kuagiza bidhaa kutoka nje, mwaka uliofuata akaingia Mzee Ruksa, na deki za video zikaanza kumiminika. Kwa hiyo Rambo alifika Manzese miaka kibao kabla ya taarifa ya habari ya TV.

Alifikia kibanda umiza. Jina linajieleza lenyewe: kuta za mabati au magunia, mabenchi yasiyo na egemeo, joto la kufa mtu, na mbele kabisa TV ya chogo na deki yake. Nje ubao wa chaki unaotaja muvi za leo. Unatoa chenji zako, unabanana.

Tatizo lilikuwa lugha. Muvi za Marekani ni Kiingereza, za Kihindi ni Kihindi, za kareti ni Kichina chenye maandishi ya Kiingereza yanayopita chini kwa kasi ya daladala la jioni. Wengi waliokaa kwenye yale mabenchi walikuwa wamesoma shule ya msingi kwa Kiswahili. Wangeona ngumi tu. Kwa nini jamaa anapigwa, demu analia nini, mzee amesaliti nani, hayo yote yangewapita.

Ndipo anaingia mtu ambaye historia ya burudani ya Bongo inamdai heshima na haijamlipa: mtafsiri. Jirani zetu wa Kampala nao walikuwa na wa kwao wanaotafsiri kwa Kiganda. Mwanzoni alishika maiki palepale kibandani, baadaye sauti ikarekodiwa kwenye kaseti kabisa na kuuzwa. Alikuwa mtu mmoja tu. Stelingi ni yeye, adui ni yeye, mama mkwe ni yeye, mtoto anayelia ni yeye. Na hakutafsiri neno kwa neno, nani ana muda huo? Alieleza FBI ni watu gani, kwa nini mzungu huyu anaogopa mahakama, halafu katikati ya kurushiana risasi anakwambia tulia, huyu hafi, stelingi hafi. Askari wa New York aliweza kusalimia shikamoo. Wasomi walicheka kwamba anapotosha. Ni kweli, mara nyingine alitunga kabisa. Lakini kibanda kizima kililia pale palipotakiwa kulia, na hiyo si kazi ndogo.

Sasa upande unaouma. Kaseti zenyewe kwa kawaida zilikuwa nakala za wizi. Sheria ya Hakimiliki ya 1999 inasema haki ya kutafsiri ni ya mwenye kazi, kwa hiyo sauti iliyowekwa juu ya mali ya wizi nayo ni ya wizi. Mtafsiri hakuwa na pa kudai. Dukani kaseti yake ilidurufiwa na kuuzwa mara mia, naye hakuwa na ubavu wa kumwita mtu mwizi.

Halafu mwaka 2011 TBC wakaonyesha tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake, kwa Kiswahili. Watu wakaipenda kiasi kwamba Machi 2013 Rais Xi Jinping aliitaja kwenye hotuba yake Dar es Salaam. Mwaka 2016 StarTimes wakafanya shindano la kutafuta sauti, washindi wakapelekwa kufanya kazi Beijing. Leo Azam wanakuletea masultani wa Kituruki wanaozungumza Kiswahili fasaha, kila mhusika na sauti yake. Safi sana, kazi yenye mkataba. Ila soko hilo halikuanzia studio. Waliolizoesha sikio la Mbongo kumsikia mgeni akiongea Kiswahili ni wale wa kibandani.

Wao hawajaisha. Wamehamia kwenye DVD, kisha fleshi na simu. Nenda leo kwa wale vijana wanaojaza muvi kwenye fleshi. Kabla mteja hajauliza stelingi ni nani, anauliza katafsiri nani. Akitajiwa sauti asiyoifahamu, anaomba muvi nyingine.