Ukumbi wa Viziwi wa Oxford Street

Kanisa la St Saviour's lilifunguliwa mwaka 1873 katika mtaa wa Oxford Street, London, mahususi kwa viziwi. Ibada zilifanyika juu. Chini kulikuwa na ukumbi wa mihadhara. Lilijengwa na chama kilichoanzishwa mwaka 1841 ili kuwapatia viziwi waliokwisha kutoka shule kazi, msaada na mafundisho ya dini. Jiwe la msingi aliliweka mwana wa Malkia Victoria mwaka 1870.

Thamani kubwa ya jengo hilo ilikuwa ule ukumbi wa chini. Fundi viatu kiziwi aliyeshinda kutwa kiwandani bila mtu wa kuzungumza naye, jioni aliweza kukaa na wenzake, akasikilizwa kwa macho na kujibiwa kwa mikono.

Mwaka 1880 walimu wa viziwi walikutana Milan, Italia. Kwa kura 160 dhidi ya 4 waliazimia kwamba watoto wafundishwe kwa matamshi na kusoma midomo, si kwa lugha ya alama. Viziwi, wenye lugha hiyo, karibu hawakuwakilishwa kabisa. Huko Uingereza, tume ya kifalme ilielekea upande huohuo mwaka 1889, na katika shule nyingi mikono ya watoto ikazuiwa. Ilikuwa dhuluma. Hata hivyo, amri ya mwalimu haikuvuka mlango wa ukumbi. Humo vijana waliwakuta wazee wanaoijua lugha vizuri, wakaipokea kwao. Mwaka 1890 viziwi wenyewe, wakiongozwa na Francis Maginn kutoka Ireland, waliunda chama chao cha kitaifa.

Jengo la Oxford Street lilibomolewa katika miaka ya 1920. Kanisa jipya likajengwa Acton, magharibi mwa London, kwa ramani ya Edward Maufe, na klabu ikawekwa chini yake kama zamani. Lilikuwa na mimbari mbili, moja ya mhubiri na nyingine ya mkalimani. Sakafu ilishuka kuelekea mbele ili walio nyuma waone mikono bila kuzibwa.

Serikali ya Uingereza iliitambua Lugha ya Alama ya Uingereza mwaka 2003. Sheria ya kuitambua ilipitishwa mwaka 2022, miaka 142 baada ya kura ya Milan.