Pikapu ya Umoja Wetu na Daftari Lake

Katika kijitabu hiki cha kuadhimisha miaka 10 ya Umoja wetu, wenzetu wameandika habari za hisa, za mikopo na za bei ya karafuu. Sisi tumepewa kazi ya kuandika habari za mtumishi mmoja asiyepiga kura mikutanoni wala kupokea gawio, lakini ambaye kila mwanachama amepata kumngojea njiani: pikapu yetu kuukuu ya dizeli. Kazi hii tumeikubali kwa furaha, kwani ndani ya historia ya gari hii imo historia yetu wenyewe, mema yetu na makosa yetu.

Pemba ni kisiwa cha vilima na mabonde. Tangu tufani ya mwaka 1872 ilipoangusha mikarafuu mingi ya Unguja na kuiacha ya Pemba kwa sehemu kubwa, kisiwa chetu ndicho kilichobeba zao hilo. Lakini mkarafuu hauoti kwa kufuata barabara. Wazee wetu walizitoa karafuu mashambani kwa vichwa, kwa punda na kwa gari za ng'ombe, wakazishusha pwani, nazo zikavuka bahari kwa majahazi. Gari ya ng'ombe haijatoweka hata leo, wala hatuidharau. Ila karafuu mbichi haina subira. Ikisha kuchumwa hutakiwa ichambuliwe na kuanikwa juani upesi. Ikilundikwa katika magunia hupata joto, huvunda, na thamani yake hushuka. Kwa mkulima ambaye shamba lake li mbali na uwanja wa kuanikia, saa chache za gari ndiyo tofauti kati ya faida na hasara.

Injini inayotuvutia magunia hayo ilianza mbali. Mvumbuzi wake, Rudolf Diesel, Mjerumani aliyezaliwa Paris mwaka 1858, alifaulu kuiendesha injini yake ya kwanza ya kutegemewa katika mji wa Augsburg mwaka 1897. Katika maonyesho makubwa ya Paris ya mwaka 1900 injini ya namna hiyo iliendeshwa kwa mafuta ya njugu, jambo ambalo mkulima yeyote hulisikia kwa furaha. Mwenyewe alipotea baharini mwaka 1913, alipokuwa akivuka kwenda Uingereza. Injini za siku zile zilikuwa nzito mno kwa gari ndogo. Mwaka 1927 kiwanda cha Robert Bosch kilipoanza kutengeneza kwa wingi pampu ndogo ya kusukumia mafuta, ndipo njia ilipofunguka. Land Rover ilipata injini ya dizeli mwaka 1957, na baadaye zikaja pikapu za Kijapani, ambazo leo hazina kijiji zisichokijua. Wala dizeli si mgeni kisiwani kwetu. Kabla ya waya wa umeme wa chini ya bahari kutoka Tanga kufika mwaka 2010, taa za Pemba ziliwaka kwa majenereta ya dizeli ya Wesha.

Yafaa tueleze kwa ufupi jinsi injini hiyo ifanyavyo kazi, maana asiyejua kazi ya kitu hajui maradhi yake. Injini ya petroli huwashwa kwa cheche za plagi. Ya dizeli haina cheche. Hewa huvutwa ndani ya silinda, ikabanwa hata ikabaki katika kiasi cha sehemu moja ya ishirini ya nafasi yake ya kwanza, ikapata joto la zaidi ya digrii 500. Hapo nozeli hunyunyiza dizeli, nayo huwaka yenyewe. Kwa hiyo injini hii hudai vitu vitatu: hewa safi, oili safi na, zaidi ya yote, dizeli safi. Pampu yake imechongwa kwa nafasi nyembamba kuliko unywele, na katika magari kama letu hulainishwa na dizeli yenyewe. Tone la maji hapo ni kama chumvi machoni.

Somo hilo tulilipata kwa gharama. Usiku mmoja wa msimu wetu wa tatu, gari ilikuwa ikitoka mashamba ya upande wa Konde na magunia ya karafuu mbichi za wanachama saba. Mvua ilikuwa ikinyesha. Katikati ya kilima gari ikaanza kukohoa, ikaishiwa nguvu, ikazima. Dereva alipiga stata hata betri ikaisha. Waliokuwapo walikata shauri kwamba pampu imekufa, na wengine wakaanza kuhesabu fedha za kununua nyingine. Gari ikalala pale pale.

Siku ya pili alikuja fundi mmoja mzee na sipana mbili, betri ya kuazima na chupa tupu. Hakuigusa pampu. Alilegeza skrubu ya chini ya filta ya mafuta, akakinga chupa, akatuonyesha: chini maji, juu dizeli. Akaimwaga ile filta mpaka ikatoka dizeli tupu. Kisha akalegeza skrubu ya juu, akasukuma pampu ndogo ya mkono mpaka mapovu ya hewa yakakoma, akakaza. Gari ikawaka. Dawa haikuzidi nusu saa, lakini magunia yalikuwa yamekwisha kuvunda.

Katika mkutano uliofuata, bibi mmoja katika wale saba alisimama, akauliza neno moja tu: "Wanangu, hayo maji yaliingia siku gani?" Hapana hata mmoja wetu aliyeweza kumjibu. Dereva hakujua, mtunza stoo hakujua, na sisi viongozi hatukujua. Pipa letu la dizeli lilikuwa limesimama uani bila kifuniko kizuri, likinyeshewa. Tangi la gari lililala nusu tupu kila usiku, na hewa ya unyevu ya kisiwa chetu ikageuka maji ndani yake. Filta haikuwa imemwagwa maji kwa muda usiojulikana. Gari ilikuwa ya wote, na kwa hiyo haikuwa na mwenyewe.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Wale wafumaji na mafundi 28 wa Rochdale, Uingereza, waliofungua duka lao la ushirika mwaka 1844, walisisitiza hesabu zilizo wazi kwa kila mwanachama. Sisi tulikuwa tukiandika kila pishi ya karafuu na kila shilingi, lakini injini inayozibeba hatukuiandikia hata mstari. Mkutano ule ukaamua daftari la gari lianze siku hiyo hiyo, na lisomwe mbele ya wanachama kila robo ya mwaka.

Mambo yaliyoandikwa humo ni mepesi. Pipa hukaa chini ya paa, limeinamishwa kidogo. Dizeli hutulia usiku kucha kabla ya kuchotwa, wala haichotwi ya chini kabisa. Tangi hujazwa jioni. Filta ya mafuta humwagwa maji kila Jumamosi. Oili hupimwa kila asubuhi na hubadilishwa kila kilomita 5,000. Filta ya hewa hukung'utwa vumbi kiangazi. Gari ikishuka gatini Mkoani au Wete, huoshwa chini kwa maji yasiyo chumvi, maana kutu haingoji. Mkanda wa taimingi hubadilishwa kabla haujakatika, ambao kwa injini nyingi za namna hii ni kila kilomita 100,000. Ukikatika, valvu hugongana na pistoni, na hapo hapana tena matengenezo ya bei ndogo. Mita ya gari yetu ilikuwa imekufa tangu tuinunue, basi tuliamua kuhesabu safari kwa daftari, na hesabu hiyo ikatutosha.

Tulijifunza pia kusoma moshi. Moshi mweusi wasema mafuta ni mengi au hewa ni chache: tazama kwanza filta ya hewa. Moshi wa buluu wasema oili inaungua ndani. Moshi mweupe asubuhi, ukapotea injini ikipata joto, huenda ni plagi za joto zilizochoka. Ukiendelea mchana kutwa huku maji ya rejeta yakipungua, mwite fundi upesi, kwani maji yaingia katika silinda. Na injini ikichemka, mfuniko wa rejeta usifunguliwe mpaka ipoe. Wala mtu asiweke mkono karibu na nozeli inayovuja injini ikiwa inanguruma, kwani dizeli hutoka kwa nguvu ya kutoboa ngozi.

Hatusemi kwamba tangu siku ile gari haijaharibika. Imeharibika, na daftari laonyesha. Lakini kila mara tumeweza kusema ni siku gani, ni kitu gani, na ni zamu ya nani. Dereva naye amepata faida yake, maana halaumiwi kwa dhana.

Sasa wako wanachama wanaotaka pikapu hii iuzwe na nyingine mpya inunuliwe. Huenda wana haki, na mkutano mkuu ndio utakaoamua. Sisi twaomba jambo moja tu. Gari mpya itakayokuja, iwe ya dizeli au ya namna nyingine, ikabidhiwe pamoja na daftari jipya siku ya kwanza, kabla ya picha na hotuba. Gari mpya bila daftari itakuwa kuukuu kwa misimu mitatu. Na yule bibi, ambaye bado huhudhuria mikutano yetu na huketi safu ya mbele, asiwe na haja ya kutuuliza tena swali lake.