Saini ya Agosti 1993

Ndugu msikilizaji, wiki hii nataka tukumbushane siku moja katika historia ya mji wetu wa Arusha: Jumatano, tarehe 4 Agosti, 1993.

Wakati huo nilikuwa karani wa masjala katika ofisi moja hapa mjini. Siku hiyo kazi zilitubana tangu asubuhi. Barua zilikuwa zimerundikana, taipureta zinalia, na mkubwa wetu anataka kila kitu kiwe mezani kwake kabla ya saa sita. Lakini masikio yetu yalikuwa redioni. Hapa hapa Arusha, Rais Juvénal Habyarimana wa Rwanda na mwenyekiti wa RPF, Alexis Kanyarengwe, walikuwa wanatia saini mkataba wa amani, baada ya mazungumzo ya zaidi ya mwaka mmoja yaliyosimamiwa na serikali yetu chini ya hayati Rais Ali Hassan Mwinyi. Vita iliyoanza Oktoba 1990 ilikuwa imekwisha. Ndivyo tulivyoamini.

Tulipeana mikono kana kwamba sisi ndio tuliosuluhisha. Jioni nikafunga ofisi na kurudi nyumbani Engutoto nikiwa na furaha tele.

Lakini kwenye trei ya barua zinazotoka niliacha barua ya mzee mmoja mstaafu, aliyekuwa akifuatilia kiinua mgongo chake kwa miezi mingi. Mkubwa alikuwa ameshaitia saini. Kilichobaki ni mimi kuiandika kwenye rejista na kumkabidhi tarishi. Kesho yake majalada mengine yakaifunika. Wiki tatu baadaye mzee akaja, vumbi limemjaa miguuni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Niliambiwa barua yangu imeshasainiwa."

"Ndiyo, mzee, imeshasainiwa."

Nilisema kweli, na kweli hiyo haikumsaidia kitu.

Ndugu msikilizaji, mkataba wa Rwanda nao ulisainiwa ukabaki kwenye trei. Ulitaka serikali ya mpito ya pande zote iundwe katika muda wa siku 37. Siku hizo zikapita. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliidhinisha askari wa kulinda amani tarehe 5 Oktoba tu. Mwezi huo huo jirani zao wa Burundi wakampoteza Rais Melchior Ndadaye, aliyeuawa na askari wa nchi yake. Januari 1994 Habyarimana akaapishwa kuwa Rais wa mpito, lakini serikali yenyewe haikuundwa. Na wako waliokuwa wakiupinga mkataba huo mchana na usiku, huku sisi tuliokuwa tukiutakia heri tumerudi kwenye shughuli zetu.

Tarehe 6 Aprili, 1994, ndege ya Habyarimana ilitunguliwa Kigali, akitokea mkutanoni Dar es Salaam. Katika siku zipatazo mia moja waliuawa watu wapatao laki nane au zaidi, wengi wao Watutsi. Mwishoni mwa mwezi huo, watu wapatao laki mbili na nusu walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara katika muda wa saa 24 hivi.

Kisha Arusha ikapewa kazi nyingine. Mji uliotoa mkataba ukawa mji wa mahakama ya kuwahukumu walioongoza mauaji. Mahakama hiyo ilitoa hukumu yake ya kwanza ya mauaji ya kimbari tarehe 2 Septemba, 1998, na ikafunga shughuli zake mwishoni mwa 2015.

Je, tulikosea kufurahi ile Jumatano? Mimi nasema hapana. Vipengele vya mkataba ule viliingizwa baadaye katika sheria ya msingi ya Rwanda. Na Agosti 2000 Warundi walisaini wa kwao hapa hapa, mbele ya Nelson Mandela. Ukasukumwa kwa miaka mitano mpaka ukafikia uchaguzi wa 2005. Kosa letu lilikuwa kudhani saini ndiyo mwisho wa kazi.

Basi tukisikia kesho kwamba jambo jema limesainiwa, liwe la mataifa au la mradi wa maji wa kata yetu, tushangilie. Lakini tuulize pia: nani anaipeleka barua, na lini?

Ya yule mzee niliichukua mkononi siku ile ile nikaipeleka mwenyewe. Alinishukuru, nami sikustahili shukrani zake.