Shahidi Aliye Juu ya Hadubini

Juma hili tuzungumze habari ya kamera. Si ile ya harusini, bali ile inayofungwa juu ya hadubini ili ipige picha ya vitu ambavyo jicho tupu haliwezi kuviona. Anayekwenda kuinunua siku hizi, iliyo ya dijitali, huulizwa kwanza na muuzaji: wataka megapikseli ngapi? Mimi naona swali hilo linakuja mapema mno.

Mwaka 1845, mjini Paris, Alfred Donné na Léon Foucault walitoa kitabu cha picha za chembe za damu na vitu vingine vya mwilini. Walizipiga kwa njia ya Daguerre, juu ya bamba la shaba lililopakwa fedha. Lakini picha za namna hiyo hazikuweza kuchapwa kitabuni, ikabidi mchongaji azinakili kwa mkono. Ushahidi wa lenzi ukarudi mikononi mwa binadamu!

Mkono huo Robert Koch hakuuamini. Katika miaka ya 1870 alikuwa daktari wa wilaya huko Wollstein, mji mdogo wa Prussia ambao leo uko Poland. Mabingwa walikuwa wakibishana juu ya bakteria, kila mmoja na michoro yake. Koch alisema mchoraji huchora anachokiamini, hata bila kukusudia. Mwaka 1877 akachapisha picha za bakteria zilizopigwa kwa kamera: anayebisha, na atazame.

Basi sikiliza alivyofanya. Bamba za siku hizo zilihisi zaidi mwanga wa buluu, hivyo bakteria waliotiwa rangi ya buluu hawakuonekana vizuri pichani. Koch akawatia rangi ya kahawia, ikazuia mwanga ule, wakatokea weusi. Alijua kwanza kamera yake inaona nini na haioni nini.

Hesabu hiyo haijabadilika. Ernst Abbe alieleza mwaka 1873 kwamba lenzi ina mpaka wake: kwa mwanga wa kawaida, vitu vilivyokaribiana chini ya milimita 0.0002 hivi huonekana kama kimoja. Ukiongeza pikseli kupita hapo, unapata picha kubwa zaidi, si habari zaidi. Kwa vipande vya nyama vilivyotiwa rangi, tafuta kamera ya rangi isiyodanganya wekundu na zambarau. Kwa chembe zinazong'aa hafifu gizani, kamera ya nyeusi na nyeupe, yenye pikseli pana na kihisio kinachopozwa, hushinda ile ya rangi. Na kwa vimelea vya malale vinavyojinyonganyonga katika damu mbichi, tafuta kasi.

Nimetaja malale kwa sababu. Mwaka 1906 Koch mwenyewe alifika visiwa vya Sese, katika Ziwa Victoria, ambako ugonjwa huo ulikuwa ukimaliza watu. Akawapa wagonjwa dawa iitwayo Atoxyl, yenye sumu ya aseniki. Chini ya hadubini mambo yalikuwa mazuri: vimelea vilitoweka. Akaongeza kipimo cha dawa.

Baadhi ya wagonjwa wale wakapofuka, na macho yao hayakurudi tena.