Nuru na Mabaka Meupe ya Ngozi

Katika Mambo ya Walawi, mlango wa 13, kuhani aliamriwa kumtazama kwa makini mtu mwenye alama nyeupe ngozini, asije akamtenga asiye na ukoma. Maana liko baka jeupe ambalo sheria yenyewe haikulihesabu kuwa unajisi. Hata hivyo wengi wenye mbalanga wamekimbiwa kwa jina la ukoma wasio nao.

Kutibu mbalanga kwa nuru ni jambo la kale. Kandokando ya mto Naili huota mmea ambao watu walitumia mbegu zake, kisha wakaliweka baka juani. Ibn al-Baytar, mjuzi wa mitishamba aliyefariki Dameski mwaka 1248, aliandika habari za dawa hiyo. Wahindi nao walikuwa na mbegu zao kwa kazi hiyo hiyo.

Mwaka 1903 Niels Finsen wa Denmark alipewa Tuzo ya Nobel kwa kutibu kifua kikuu cha ngozi kwa mwanga. Mwaka 1948 Dokta El Mofty wa Cairo alitangaza habari za dawa safi iliyotolewa katika mbegu zile za Misri. Lakini dawa hiyo pamoja na miali yaweza kuunguza ngozi. Basi mwaka 1997 waganga wa Amsterdam walionyesha ya kuwa taa yenye miali ya nanomita 311 yafaa peke yake, pasipo dawa ile.

Nayo hufanyaje kazi? Katika mbalanga, kinga ya mwili huziharibu chembe zitiazo ngozi rangi. Miali huituliza kinga hiyo, tena huziamsha chembe zilizosalia katika mashina ya nywele. Ndiyo sababu rangi hurudi kwanza kwa vitone vidogo. Kazi hiyo huchukua miezi mingi, na ncha za vidole huponea kwa shida.

Basi, walimu na Wakristo wenzetu, mbalanga haiambukizi. Baka la ukoma mara nyingi hupoteza hisia. La mbalanga huhisi. Tumwonapo mtoto mwenye baka tusimtenge, bali tumpeleke hospitali akatazamwe, kwani hata ukoma wenyewe hupona kwa dawa. Kitabu kile kile kilichomwamuru kuhani atazame vema ndicho kilichoamuru yubile, mwaka wa kuwaacha watu huru. Na tuwaache huru hawa nao.