Si Lazima Iwe Nyekundu: Venye Luku ya Bibi Harusi wa Kihindi Imebadilika

Ukiambiwa ufikirie bibi harusi wa Kihindi, picha inayokuja kwa akili inajulikana: lehenga nyekundu, dhahabu kutoka kichwa hadi miguu, hina mpaka karibu na kiwiko. Hiyo picha tumepewa na Bollywood, na si uongo. Lakini ni kipande tu cha stori. India ina watu zaidi ya bilioni 1.4, na kitambo kila pande ilikuwa na nguo yake ya harusi, na mara nyingi kila nguo ilikuwa na mtu wake wa kuinunua. Kwa hivyo shika hii mapema: kitu kimebadilika sana si rangi pekee. Ni nani anachagua, na nani anatoa doh.

Majina kwanza, ndio tusipotezane

Sari ni kitambaa kimoja kirefu kisichoshonwa. Ya kawaida ni kama yadi 6, na kuna ya yadi 9. Lehenga ni sketi ndefu pana, inavaliwa na blauzi fupi inaitwa choli na mtandio unaitwa dupatta. Zari ni uzi wa rangi ya dhahabu ama fedha unaofumwa ndani ya kitambaa. Zardozi ni ule urembo mzito unaotariziwa juu ya kitambaa kwa mkono, ufundi uliopata nguvu sana enzi za wafalme wa Mughal.

Kila pande na luku yake

Gujarat: manzi anaingia na panetar, sari nyeupe yenye pindo nyekundu. Anayeileta ni mjomba, kaka ya mathe yake. (Na kwa Kigujarati mjomba anaitwa "mama", usichanganyikiwe.) Familia ya bwana harusi nayo inamletea gharchola, nyekundu ama kijani, yenye viboksi vya zari. Akifunikwa nayo, kila mtu ukumbini anajua ameingia familia ingine.

Punjab: bangili nyekundu na nyeupe zinaitwa chooda, zinajaa mkono. Anayeleta? Mjomba tena.

Bengal: sari nyekundu ya hariri kutoka Banaras, na bangili mbili za maana: nyeupe ya kombe la bahari na nyekundu ya marijani.

Maharashtra: sari ya yadi 9 inayopitishwa katikati ya miguu kama suruali, na bangili za kijani.

Tamil Nadu: hariri nzito ya Kanchipuram yenye pindo pana za zari.

Kerala: Wahindu wengi wanavaa kasavu, rangi ya krimu na pindo ya dhahabu. Wakristo wa huko wengi wanavaa sari nyeupe.

Manipur: wanawake wa Meitei wanavaa potloi, sketi ngumu imesimama kama pipa.

Waislamu wa Lucknow wana gharara, suruali pana inayofunguka kutoka kwa goti. Hyderabad wana khada dupatta, mtandio mrefu unaozungushwa mwili.

Umeona? Nyekundu iko, lakini nyeupe, krimu na kijani pia ni za kitambo. Aliyevaa nyeupe Kerala hakuwa anavunja mila ya mtu.

Hata blauzi ina historia

Wasee wengi hudhani sari na blauzi zilizaliwa pamoja. Huko Bengal miaka ya 1860, wanawake wengi walikuwa wanavaa sari bila blauzi. Jnanadanandini Devi, wa familia ya Tagore, alienda Bombay na mumewe, akarudi na staili ya kuvaa sari na blauzi na sketi ya ndani, ndio mwanamke aweze kutoka nje na kukaa na wageni. Ikashika. Leo hiyo ndiyo inaitwa ya kitamaduni, na kitambo ilikuwa trendi mpya tu.

Bollywood ikaleta yunifomu

Mwaka wa 1987 duka la Ensemble lilifunguliwa Mumbai, na madizaina wa India wakapata pahali pa kuuzia kazi zao kwa majina yao. Filamu ya Hum Aapke Hain Koun..! ilitoka 1994, na harusi ikawa shoo ya masaa matatu. Sabyasachi Mukherjee akaanza lebo yake 1999. Polepole lehenga, nguo ya kaskazini na magharibi mwa India, ikasambaa hadi kusini, kwa watu ambao nyanya zao hawakuwahi kuivaa.

Hapo ndipo mzigo ulipoongezeka, kwa mwili na kwa mfuko. Lehenga zingine zinafika kilo 10 na zaidi. Ya dizaina mkubwa, hiyo chapaa unanunua ndai ya mkono wa pili. Mjomba na panetar yake hawezi shindana na hiyo. Mara nyingi bili inaangukia wazazi wa manzi, na kuna familia zinakopa ndio zisichekwe.

Halafu pastel zikaingia

Desemba 2017, Anushka Sharma aliolewa Italia na lehenga ya Sabyasachi ya pinki hafifu. Mitandao ilichizi, na rangi za kupoa zikajaa kila mahali. Aprili 2022, Alia Bhatt akaolewa nyumbani Mumbai na sari ya rangi ya pembe za ndovu. Hiyo iligusa watu, juu pande nyingi za kaskazini nyeupe tupu ni rangi ya matanga na wajane. Lakini nyekundu haikufa. Deepika Padukone na Priyanka Chopra mwaka wa 2018, na Katrina Kaif 2021, wote walivaa nyekundu.

Sasa ni kabati ya mathe

Hii ndiyo trendi yenye uzito. Kareena Kapoor aliolewa 2012 na gharara ya mama mkwe wake, Sharmila Tagore, ikiwa imekarabatiwa. Yami Gautam 2021 alivaa sari ya mathe yake. Sonakshi Sinha 2024, vilevile. Alia naye alivaa tena sari yake ya harusi Oktoba 2023 akienda kuchukua tuzo ya kitaifa ya filamu. Kurudia nguo ya harusi mbele ya kamera kitambo ingekuwa aibu. Yeye aliifanya iwe baraka. Hata Radhika Merchant, kwa ile harusi ya akina Ambani ya Julai 2024, alivaa nyekundu na nyeupe za panetar. Pesa yote hiyo, na bado ikarudi kwa luku ya nyanya.

Hizo vitu ni za nani?

Hapa si fashoni tu. Sheria ya India inatambua stridhan: nguo, dhahabu na zawadi zenye mwanamke anapewa kwa harusi ni mali yake. Mahakama ya Juu ilisema wazi mwaka wa 1985 kwamba mume na wakwe wakishikilia, wanaweza shtakiwa. Mahari ya kulipwa upande wa bwana harusi ilipigwa marufuku 1961, ingawa bado inaitishwa kichinichini. Kwa hivyo ile sari ya zari kwa sanduku inaweza kuwa akiba ya manzi siku mambo yakienda mrama. Sari nyingi za zamani ziliyeyushwa juu zari yake ilikuwa na fedha halisi.

Na hapa Kenya?

Wahindi wengi wa Kenya asili yao ni Gujarat na Punjab, na tangu 2017 serikali inawatambua kama kabila la 44. Kwa hivyo panetar na chooda si vitu vya mbali. Ziko kwa harusi za Parklands, Mombasa na Kisumu.

Kama unanunua

Usiamini neno "hariri" kwa mdomo wa muuzaji. Tafuta lebo ya Silk Mark. Omba uzi mmoja wa pembeni uuchome: hariri inanuka kama nywele zimeungua na jivu lake linavunjika, lakini nailoni inayeyuka kuwa kidonge. Geuza upande wa nyuma, ya kufumwa kwa mkono mara nyingi haiko nadhifu kama ya mashine. Uliza pia imefumwa wapi, juu mafundi wa Banaras wanashindana na kopi za mashine zenye hutoka Surat kwa bei ya chini kabisa. Na kabla utoe hata shilingi, uliza mathe ama shosho ameweka nini kwa sanduku.